Sanamu za Dukani na Sare za Jeshi

Katika madirisha na mabaraza ya maduka ya Kasese, na hasa kule Bwera na Mpondwe ambako wanunuzi huvuka kutoka Kasindi, sanamu za kuonyeshea nguo zimekuwa jambo la kawaida. Nyingine hazina vichwa. Nyingine zina viuno ambavyo aliyezitengeneza peke yake ndiye aliyewahi kuviona. Hayo hayamhusu askari. Kazi yetu huanza pale sanamu inapovikwa kombati.

Sheria ya UPDF ya mwaka 2005 inamkataza raia kuuza, kumiliki au kuvaa sare za jeshi bila idhini. Mwezi Septemba 2019 aina za sare hizo, pamoja na bereti nyekundu, zilitangazwa katika Gazeti la Serikali. Lakini askari wa doria anayo sababu nyingine iliyo karibu naye zaidi. Nguo iliyokunjwa ni nguo tu; ikivikwa sanamu hupata mabega na kimo. Jioni umeme ukikatika, anayetokea kwenye kona ataona mtu mwenye kombati amesimama mlangoni. Majeshi yanaijua hila hii: usiku wa kuamkia Juni 6, 1944, ndege za Uingereza ziliangusha sanamu zenye miamvuli huko Normandy, zikawapotosha Wajerumani. Na Mpondwe si mahali pa kukosea kati ya rafiki na adui. Hapo ADF walishambulia Novemba 1996, na Juni 2023 wakaua watu 42, wengi wao wanafunzi wa Lhubiriha.

Hata hivyo, hatukubali askari aivue sanamu mbele ya wateja, kisha aondoke na mzigo mzima, suruali za watoto zikiwemo. Mama anayefungua robota la mitumba hajui kilichomo mpaka akate kamba. Mabaka ya jeshi la nchi ya mbali huweza kutokea katikati ya blauzi. Aamkiwe, aelezwe sheria, ichukuliwe nguo inayohusika tu, iandikwe mbele ya mwenyekiti wa LC, ifikishwe kituo cha polisi.

Tena liko swali ambalo mwenye duka hawezi kulijibu peke yake. Shati jipya lenye nembo yetu likikutwa juu ya sanamu Bwera, lilitoka ghala gani, na nani alilitilia sahihi? Upelelezi wa namna hiyo hauna budi kuanzia kambini.