Sheria Iliyotungwa Baada ya Moto

Usiku wa Februari 27, 1933, jengo la Bunge la Ujerumani mjini Berlin liliungua. Ndani yake alikamatwa Marinus van der Lubbe, mwashi wa Kiholanzi mwenye umri wa miaka 24, aliyepata kuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti na ambaye macho yake yalidhuriwa na chokaa kazini. Alikiri kwamba ndiye aliyewasha moto, tena peke yake. Hadi leo wanahistoria hawajaafikiana: wako wanaomsadiki, na wako wanaoshuku mkono wa Manazi wenyewe.

Hatukusudii kuamua ubishi huo. Lililo dhahiri ni nani aliyefaidika. Siku ya pili yake ilitolewa amri ya kufuta uhuru wa kusema, kuandika na kukutana, na maelfu ya wapinzani wakatiwa ndani. Machi 23 Bunge likaipa serikali ya Hitler uwezo wa kutunga sheria bila ya Bunge.

Lakini iko dhuluma nyingine ambayo haihitaji ushahidi wa mwanahistoria yeyote. Usiku ule wa moto, kuchoma jengo bila ya kuua mtu hakukuwa na adhabu ya kifo. Adhabu hiyo ililetwa na amri ya kesho yake, na sheria ya Machi 29 ikairudisha nyuma ili imfikie kijana huyo. Desemba 23 mahakama ya Leipzig iliwaachilia washitakiwa wenzake wanne, akiwamo Mbulgaria Georgi Dimitrov. Van der Lubbe alikatwa kichwa Januari 10, 1934, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 25.

Januari 2008 Ujerumani ilitangaza kwamba hukumu hiyo ni batili. Miaka 74 ilikuwa imepita, na maiti hafutiwi kifo.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza mtu kupewa adhabu kubwa kuliko ile iliyokuwapo alipotenda kosa. Wako watakaosema kwamba huko ni kuwatetea wahalifu. Sivyo. Hata kama Van der Lubbe aliwasha moto ule kwa mkono wake, alistahili kuhukumiwa kwa sheria iliyokuwapo. Serikali ikiruhusiwa kumtungia mwenye hatia sheria ya jana, kesho itamtungia asiye na hatia. Viongozi na wananchi tuilinde ibara hiyo, hasa siku ambayo sote tumekasirika.