Kwenye uwanja wa mbio, kutangulia si kufika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo vijana wengi wenye magari hulizungumza kwa mbwembwe, lakini wanaolipanga ni wachache: kwenda kuendesha gari lako mwenyewe katika uwanja wa mbio kwa mara ya kwanza.

Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi hapa Ujerumani. Si mbali na ninapoishi, katika milima ya Eifel, upo uwanja wa Nürburgring. Njia yake ya zamani, iitwayo Nordschleife, ilifunguliwa mwaka 1927. Ina urefu wa kilometa 20.8 na kona zaidi ya 70, na toka bondeni hadi kileleni tofauti ni karibu mita 300. Zipo siku ambazo mtu yeyote mwenye leseni na gari lililosajiliwa kutembea barabarani huruhusiwa kulipa na kuzunguka. Nami nimekusudia kwenda, kwa gari langu hili hili linalonifikisha kazini na kuwapeleka watoto shule.

Rafiki zangu wananicheka ninavyojiandaa. Wananiambia, "Jaza petroli, lipa, kanyaga mafuta!" Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Hoja yangu ni hii: anayekwenda uwanjani mara ya kwanza ni mwanafunzi, si mshindani, na safari yake huanza wiki kadhaa kabla ya kuliona lango.

La kwanza ni sheria. Wapo wanaodhani kuwa ukishaingia uwanjani sheria imebaki nje. Sivyo. Siku za wageni, Nordschleife huhesabiwa kuwa barabara ya kulipia yenye mwelekeo mmoja, na sheria za barabarani za Ujerumani hutumika humo. Unakaa kulia, na anayekupita anapita kushoto. Kumpita mtu kwa upande wa kulia ni marufuku. Kushindana ni marufuku, na kupima muda wa mzunguko ni marufuku vile vile. Sisi tuliojifunza udereva huko nyumbani, ambako gari hukaa kushoto, tuna kazi ya ziada. Mkono uliozoea Barabara ya Morogoro, ukishtuka, hukimbilia upande uliouzoea, na huko ndiko anakotokea mwenye gari la kasi.

La pili ni bima, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Bima nyingi hukataa kulipa hasara iliyotokea uwanjani, hata kama wenye uwanja wanaiita barabara. Ukigonga kingo za chuma, unazilipa wewe. Gari likivutwa, unalipa wewe. Njia ikifungwa kwa ajili yako, unaweza kudaiwa gharama hiyo pia. Basi kabla ya kuulizana habari za kasi, mtu ajiulize: gari hili likibaki huko, Jumatatu watoto watakwenda shule na nini? Mimi nimejiwekea sharti. Nimeiandikia kampuni yangu ya bima, na mpaka nipate jibu kwa maandishi, siendi. Neno la mdomo halitengenezi gari.

La tatu ni gari lenyewe. Watu wengi hufikiria injini, kumbe kwanza ni breki. Gari linalokwenda kilometa 140 kwa saa lina nguvu ya mwendo karibu mara mbili ya gari lile lile likienda 100, na nguvu hiyo yote breki huigeuza kuwa joto. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Kwa kipimo cha DOT 4, mafuta mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachokubaliwa ni nyuzi 155 tu. Yakichemka hutoa mapovu, nawe unakanyaga pedali inazama mpaka chini, gari halisimami. Kwa hiyo fundi abadilishe mafuta hayo, apime unene wa pedi, na aitazame mipira ya breki kama ina nyufa.

Matairi yakaguliwe nje na ndani, maana upande wa ndani hulika bila kuonekana. Upepo upimwe yakiwa baridi, kisha upimwe tena baada ya mzunguko, kwa kuwa hewa ikipata joto huongeza mgandamizo. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo. Oili ijazwe mpaka alama yake, na kama kuna tone linalovuja, safari iahirishwe. Tone lako ndilo telezi la mwenzako anayekuja nyuma. Ndani ya gari kusibaki kitu kinachobiringika. Chupa ya maji ikijipenyeza chini ya pedali ya breki, dereva hata awe hodari vipi hana la kufanya.

La nne ni dereva. Mpango wangu ni kuanza kwa kukaa kiti cha abiria, nikiendeshwa na mtu anayeijua njia hiyo, kisha niende mwenyewe polepole. Mzunguko wa kwanza kazi yangu itakuwa mbili: kutazama mbele na kutazama kioo cha nyuma. Mwenye haraka apite, simdai kitu. Nitapunguza mwendo gari likiwa limenyooka kabla ya kona, si katikati yake. Sehemu ya mwisho nitakwenda taratibu ili breki zipoe, na nikishaegesha sitavuta breki ya mkono zikiwa bado za moto. Kisha nitapumzika. Mvua ikinyesha nitarudi nyumbani, maana katika milima ile huweza kunyesha upande mmoja wa njia na upande wa pili kukawa kukavu.

Anayeona huo ni woga na akumbuke tarehe 1 Agosti, 1976. Siku hiyo Niki Lauda, aliyekuwa bingwa wa dunia, alianguka katika njia hiyo na gari lake likawaka moto. Yeye mwenyewe alikuwa amewashauri wenzake wasishindane hapo kwa sababu ya hatari, wakapiga kura, akashindwa. Alinusurika, na tangu hapo mashindano ya Formula One hayakurudi tena katika Nordschleife. Ikiwa bingwa wa dunia aliiogopa njia ile, mimi ninayeendesha kwenda kazini ni nani hata niidharau?

Wapo watakaouliza: kama hatari ni hiyo, kwa nini kwenda? Swali ni la haki, kwani watu wamekufa humo hata katika siku za wageni. Jibu langu ni kwamba tamaa ya kasi ipo, na asiyeipeleka mahali pake huimaliza usiku barabarani, penye waenda kwa miguu, baiskeli na mikokoteni. Uwanjani wote tunaelekea upande mmoja, wala hakuna mtoto wa shule anayevuka. Tena mtu aliyejifunza gari lake linavyosimama na linavyoteleza, hurudi barabarani akiwa na adabu zaidi.

Hapo ndipo ninapowageukia wenzangu wa Afrika Mashariki. Mapenzi ya magari kwetu si mageni. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliyashinda mara 3, na Shekhar Mehta mara 5. Mwaka 2021 yalirudi katika ubingwa wa dunia. Lakini mtazamaji akitoka kuwashangilia mabingwa, hamu yake huenda akaitulizia wapi kama si barabara kuu? Naviomba vilabu vyetu vya mbio viongeze siku za watu wa kawaida katika njia zilizofungwa: magari yakaguliwe langoni, wawepo walimu, gari la wagonjwa liwe tayari, na saa za kupimia muda ziachwe nyumbani.

Kwa vijana wanaopanga siku yao ya kwanza, popote pale, nawaambia kuwa kipimo cha siku hiyo ni kimoja tu: uondoke na gari lile lile ulilokuja nalo, likiwa zima, na wewe umejifunza kitu. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Mimi nataka kufika.

Ni mimi msomaji wako,
Mpenda Magari,
Koblenz, Ujerumani.