Kapadokya yetu tunaiponda kokoto



Wiki hii hapa Mlimani gumzo la chumbani kwetu lilikuwa picha za Kapadokya, kule Uturuki. Ile sehemu yenye minara ya mawe kama uyoga, watu wamechonga nyumba humo ndani, na maputo yanapaa asubuhi. Kila mtu "duh, bomba!" Sawa, ni bomba. Ila jamaa mmoja wa kwetu Simiyu aliposema "sisi tuna pamba tu", hapo nikakataa.

Kwanza tuelewane. Mawe yale ya Uturuki ni majivu ya volkano, kama mlima Erciyes, yaliyoganda yakawa jiwe laini. Mvua na upepo vikayachonga, na mtu na patasi yake akatoboa chumba, jiko, hata kanisa. Ya kwetu ni graniti. Huo ni uji wa moto uliopoa taratibu chini kabisa ya ardhi, kama miaka bilioni 2.5 iliyopita. Udongo wa juu ukaondoka, mawe yakabaki yamebebana. Ndugu zake ni Jiwe la Bismarck pale Mwanza na vile vilima vya mawe vya Serengeti.

Graniti haitoboleki kwa patasi, kwa hiyo Msukuma alijenga pembeni: nyumba ya msonge, ukuta wa miti na udongo, paa la nyasi lenye ncha, zizi la ng'ombe hapohapo.

Msonge umekwenda wapi? Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kwenye kaya zao, kisha hela ya pamba ikaleta bati. Sina ugomvi na bati jamani! Nyasi zinavuja, mchwa wanakula miti, moto nao ukishika ndo basi. Anayetaka bibi yangu arudi kwenye msonge atangulie yeye.

Lakini angalia Zelve, hukohuko Kapadokya. Mwaka 1952 wanakijiji walihamishwa kwa sababu miamba ilikuwa inabomoka. Mwaka 1967 pakawa makumbusho, na 1985 eneo la Göreme likaingia urithi wa dunia wa UNESCO. Maana yake, mtu anaweza kuhama nyumba bila kuifuta.

Sisi tunayo Bujora, kazi ya Padri David Clement kutoka Kanada, lakini iko Kisesa, mkoa wa Mwanza. Simiyu ni mkoa tangu 2012, na mtoto wa Bariadi bado anavuka mkoa kwenda kuona nyumba ya babu yake!

Na mawe tunayaponda kokoto. Hapa msinielewe vibaya. Mama anayeponda pale juani ndiye anayelipia daftari za mwanawe, kumzuia ni ukatili. Ninachotaka ni kuchagua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake. Kikao kimoja kinatosha kusema: mawe haya mawili yenye jina, yenye historia ya matambiko, hayaguswi. Mengine kazi iendelee. Pamba ukivuna, mwakani unapanda. Jiwe likishakuwa kokoto halioti tena.

Nyumba nayo: shule moja kila wilaya ijenge msonge uwanjani, wazee waelekeze, wanafunzi wabebe udongo. Hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji wazee wakiwa bado hai, na hao hawatusubiri.

Watalii wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka wanapita Lamadi, Busega, ndani ya mkoa wetu. Wanapita tu, maana hatujawawekea cha kusimamia.

Wanachuo wa Simiyu, likizo hii ulizeni majina ya mawe ya kijijini kwenu, myaandike. Mnasemaje?