Ghala la Karatasi

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi. Tulisema kwamba adui wa mahindi ni unyevu, panya na wadudu. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kuhifadhi karatasi. Usicheke. Adui wa karatasi ni hao hao: unyevu, panya na mchwa. Lakini karatasi ina adui wa nne, naye ni mtu. Najua hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa adui huyo.

Nilipoanza kazi nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na cheti changu cha kilimo. Nilipewa ofisi ya chumba kimoja. Pembeni palikuwa na rundo la madaftari ya zamani yaliyojaa vumbi. Nilitaka ofisi iwe safi. Nikayatoa nje, nikayatia moto.

Yalikuwa madaftari ya mvua. Nyuma ya ofisi palikuwa na kipima mvua. Mabwana shamba walionitangulia walikuwa wakiandika kila asubuhi mvua iliyonyesha. Kazi yao ya miaka mingi iliisha kwa dakika chache.

Miaka ikapita. Hivi karibuni, katika mkutano wa kijiji, mzee mmoja akaniuliza: "Bwana shamba, mvua siku hizi zinachelewa. Zamani zilikuwa zinaanza lini hasa? Tuendelee na mahindi au turudie mtama?" Swali lilikuwa zuri. Jibu lake lilikuwa ndani ya yale madaftari. Nilisimama mbele ya watu, sina la kusema.

Safari ya mjini

Nilipopata safari ya kwenda Dar es Salaam kununua bomba la kupulizia dawa, niliamua kutafuta. Nilianza Kariakoo, kwenye bomba. Nikiwa natembea nilinunua karanga kwa kijana mmoja. Alikuwa amezifunga katika karatasi. Nilipomaliza kula nikaifungua ile karatasi. Ilikuwa ukurasa wa daftari la mahudhurio ya shule. Majina ya watoto yameandikwa kwa mkono mzuri, na mbele ya kila jina alama za vema.

Nikarudi kwa yule kijana. "Karatasi hizi mnazipata wapi?" Akanijibu, "Tunanunua kwa kilo, mzee."

Kwa kilo! Labda kati ya watoto wale yupo ambaye leo anatafuta uthibitisho kwamba alisoma. Uthibitisho wake umefungiwa karanga.

Ndugu msomaji, hata jina Kariakoo ni kumbukumbu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Waliwatumia Waafrika wengi kubeba mizigo ya jeshi, na kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza "Carrier Corps". Wapagazi hao waliwekwa mahali hapo, na watu wakapaita Kariakoo. Wapagazi wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Jina la mahali limebaki, lakini majina ya wengi wao hatuyajui.

Nyumba ya nyaraka

Kutoka Kariakoo nilikwenda Upanga. Ukishavuka Barabara ya Morogoro pale Fire, si mbali kwa miguu. Katika Mtaa wa Vijibweni ndipo zilipo Nyaraka za Taifa. Serikali ilianza kazi hii mara baada ya Uhuru, na sheria yake ya kwanza ilitungwa mwaka 1965. Sheria ya sasa ni ya mwaka 2002. Inasema nyaraka za serikali zikifikisha miaka 30 wananchi wanaweza kuzisoma, kwa masharti yaliyowekwa.

Nilidhani nitakuta vitabu tu. Sivyo. Nyumba ya nyaraka ni kama ghala la mkulima hodari. Ndani yake hamna zao la aina moja.

Mna majalada ya ofisi za Wajerumani waliotawala hapa kabla ya Waingereza. Wakati wa vita Wajerumani walizifukia baadhi ya nyaraka zao ardhini, na baada ya vita zikafukuliwa. Mengi yameandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Mwaka 1997 shirika la UNESCO liliziingiza nyaraka hizo katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Mna pia vitabu vya wilaya. Maofisa wa Kiingereza waliandika humo habari za makabila, watawala wa jadi, mazao, mifugo na njaa. Mna barua, ramani na taarifa za kila mwaka za idara mbalimbali.

Si karatasi peke yake

Kumbukumbu za nchi hazimo katika nyumba moja, wala si za karatasi peke yake. Zanzibar, pale Kilimani, wanatunza vitabu na maandishi ya Kiarabu ya tangu zamani. Hayo nayo yaliingizwa katika orodha ya dunia mwaka 2003. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo usidhani kwamba babu zetu wa pwani walijifunza kuandika kwa wazungu.

Sauti nayo hutunzwa. Radio Tanzania ilirekodi nyimbo za bendi, taarab na ngoma katika kanda, na kanda nyingi zingali zipo.

Hata jani hutunzwa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo pale Amani, katika milima ya Usambara. Mimea ilikaushwa, ikabandikwa kwenye karatasi, na pembeni ikaandikwa jina lake, mahali ilipochumwa na tarehe. Mwaka 1950 mkusanyo huo ulihamishiwa Nairobi, na hadi leo wataalamu wanautazama. Arusha nako mimea iliyokaushwa inatunzwa. Jani moja kavu linaweza kukuambia mmea gani ulikuwa ukiota mahali fulani miaka mia iliyopita.

Na maneno ya wazee je? Mfano ni vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Majalada ya Wajerumani yanaeleza habari za mtawala. Lakini mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuwauliza wazee. Wazee wakaeleza walivyolazimishwa kulima pamba, na kwa nini walikataa. Maneno yao yakaandikwa. Leo msomaji anaweza kusikia pande zote mbili.

Faida yake kwa mkulima

Pengine unauliza, "Haya yananihusu nini mimi mwenye jembe?" Nitakujibu kwa karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga nyingi hapa Tanganyika ili ipate mafuta. Mwaka 1946 ilituma watu wakaitazama nchi kwa wiki chache tu. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa kwa matrekta makubwa. Kumbukumbu za mvua za sehemu ile zilikuwa chache mno. Mvua haikutosha, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na fedha nyingi sana zilikuwa zimepotea. Wagogo waliujua ukame wa nchi yao, lakini waliopanga hawakuwasikiliza vya kutosha. Mwenye kupanda bila kujua mvua ya jana anacheza kamari.

Nilipata nini Upanga? Sitakuficha. Katika taarifa za zamani nilipata mvua ya makao makuu ya wilaya yetu, jumla ya miaka michache. Nimeinakili na nimeipeleka kwa yule mzee. Mvua ya kijiji chetu haikuwamo. Daftari lake lilikuwa moja tu, nami nililichoma. Karatasi iliyofukiwa inaweza kufukuliwa. Iliyoungua haifukuliwi.

Sasa geuka utazame kijijini kwako. Kumbukumbu za mikutano ziko wapi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kijiji kiwe na daftari la ardhi. Siku ya ugomvi wa mpaka wazee walioshuhudia watakuwa wamekufa, na vijana watashika mapanga. Daftari lililotunzwa vizuri huamua kesi bila damu kumwagika.

Mambo ya kufanya

1. Weka karatasi zako muhimu mahali pamoja: vyeti, hati ya shamba, stakabadhi za mazao, kadi za kliniki za watoto.

2. Ziweke katika sanduku lenye mfuniko. Liinue kutoka chini juu ya matofali au kichanja, mbali na ukuta, moshi na mahali panapovuja. Lifungue mara kwa mara uangalie mchwa.

3. Usiandike karatasi muhimu nakala moja. Andika mbili, uziweke nyumba mbili.

4. Kila karatasi iwe na tarehe na jina la mahali. Picha isiyo na jina nyuma yake, baada ya miaka 30 ni picha ya mtu asiyejulikana.

5. Halmashauri ya kijiji isitupe wala isiuze karatasi za zamani bila kumwuliza ofisa wa kumbukumbu wa wilaya.

6. Kama una simu yenye kinasa sauti, mkalishe babu au bibi. Mwulize habari za njaa alizoziona, mbegu walizopanda, na mito iliyokauka. Usingoje msiba.

Mimi nimenunua daftari jipya. Kipima mvua tumekirudisha nyuma ya ofisi. Kila asubuhi saa tatu, mtoto wa yule mzee anasoma na kuandika, nami nanakili katika daftari la pili. Tumeanza na ukurasa mmoja. Bwana shamba atakayekuja baada yangu atayakuta, na juu ya jalada nimeandika kwa herufi kubwa: USICHOME.