Asiyeonekana si lazima awe amekufa

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tunaujua uchungu wa methali hiyo. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania. Familia yetu iliporudi Rwanda mwaka 1994, mzee mmoja aliyekuwa jirani wa babu alimtazama baba kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mwanangu, sisi tulijua ninyi mlikwisha."

Nimeyakumbuka maneno hayo kwa sababu ya popo. Usicheke, ndugu msomaji.

Katika msitu wa Nyungwe yupo popo mdogo, mla wadudu, mwenye pua iliyojikunja mfano wa kwato za farasi. Wataalamu humwita Rhinolophus hilli. Mara ya mwisho alionekana mwaka 1981, na baada ya hapo kimya. Wengi walihofia kwamba ametoweka duniani. Watafiti wakishirikiana na walinzi wa hifadhi walianza kumtafuta mwaka 2013. Januari 2019, baada ya siku 10 usiku na mchana msituni, wakamnasa. Hawakushangilia papo hapo. Walimpima, wakamwachia, kisha wakaenda kulinganisha vipimo na popo waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho Ulaya. Habari ilitangazwa rasmi mwaka 2022. Hata hivyo, vinasa sauti vilivyowekwa sehemu mbalimbali za msitu vilimsikia katika eneo dogo tu. Yupo, lakini yu ukingoni.

Mwaka jana nilikuwa ndani ya basi la kwenda Rusizi, tukikatiza Nyungwe. Nilimsimulia habari hiyo mama mmoja aliyekuwa akipeleka bidhaa Bukavu. Akanikatiza: "Kaka, huyo popo si ndiye aliyetuletea Korona, mpaka ukafungwa tukala mtaji? Wangemwacha apotee."

Sikumlaumu. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa, wachuuzi ndio walioumia kwanza. Lakini hebu tufikiri pamoja. Mwaka 2024 Rwanda ilipopatwa na ugonjwa wa Marburg, chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye mgodi wenye popo walao matunda, mahali alipokuwa akifanya kazi mgonjwa wa kwanza. Popo hakumfuata mtu nyumbani kwake. Mtu ndiye aliyemfuata popo shimoni. Tukichoma mapango na kufyeka msitu, hatuyafukuzi maradhi. Tunayatawanya. Na popo mla wadudu akiachwa pangoni mwake, kazi yake ni kupunguza wadudu usiku ambao sisi tumelala.

Tena tunajua gharama ya kuchelewa. Tuliporudi na ng'ombe wetu, ardhi ilikuwa haba, na mwaka 1997 zaidi ya nusu ya hifadhi ya Akagera iligawiwa watu. Mimi mwenyewe nimekulia katika ardhi hiyo, wala siombi radhi kwa kupata pa kulala. Lakini simba walikula ng'ombe, wafugaji wakawatilia sumu, hadi simba wakaisha. Mwaka 2015 ilibidi wasafirishwe simba 7 kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2017 wakaletwa faru weusi 18, nao pia kutoka huko huko. Simba wanapatikana kwingine, kwa hiyo tuliweza kuomba. Popo huyu wa Nyungwe akiisha, tutamwomba nani? Hakuna popote pengine duniani anapojulikana kuishi.

Kwa hiyo nasema na wenzangu wa mpakani. Nyungwe imeungana na Kibira ya Burundi, na popo hana pasi wala hati ya forodha. Makaa na mbao za magendo zinazotoka msituni zina faida ya wiki moja. Nyama pori nayo ina hatari ya miaka. Tuiache biashara hiyo.

Nasema na wakubwa pia. Tangu mwaka 2017 asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi za Rwanda hutengwa kwa ajili ya wananchi wanaopakana nazo. Ni jambo jema. Lakini yule mama wa basini hajui fedha hizo zimejenga nini. Mwambieni, kwa lugha anayouzia nyanya zake. Mtu hawezi kulinda kitu asichoona faida yake.

Yule mzee alipoona baba amerudi, hakuishia kushangaa. Siku ya pili alimwonyesha mpaka wa shamba la babu, palipokuwa na mti wa mvule. Alikuwa ametukatia tamaa, lakini mti hakuukata. Popo wetu naye amekutwa yu hai. Swali ni kama atakuta mti wake ungali umesimama.