Tofali Moja Si Nyumba



Mwezi huu tunaanza na kosa letu wenyewe. Wakati wa masika, mvua iliangusha ukuta wa nyumba ya mama mmoja mjane mtaani kwetu. Yeye ni Mkongo, marehemu mume wake alikuwa Mrundi. Siku tatu alilala chini ya turubai na watoto wake, na sisi tulikuwa tunapita pale tukienda mazoezi ya kwaya. Sisi Wakongo tukasema, "Huyo ni wa kwa Warundi." Sisi Warundi tukasema, "Ni dada yao, watamuona." Siku ya nne alikuja jirani ambaye hata hasali na sisi, jembe mkononi. Tuliona aibu.

Ndipo tukarudi kwenye Waraka wa Kwanza wa Petro. Aliwaandikia nani? Wageni waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, sehemu ambazo leo ni nchi ya Uturuki. Sisi nasi ni wageni: wengine tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, wengine tulitoka Burundi mwaka 2015. Watu wa namna hiyo Petro anawaita mawe yaliyo hai, yanayojengwa pamoja kuwa nyumba ya Mungu (2:5). Hakuwaambia eti wangoje kwanza warudi kwao ndipo wawe kanisa.

Hapa kambini tunajenga kwa matofali ya udongo, lakini somo ni lile lile. Kila aliyefyatua anajua: tofali likiachwa peke yake nje, mvua mbili tatu tu limerudi kuwa tope. Likipangwa na mengine na kuezekwa, linadumu. Na hakuna tofali linalouliza lililo chini yake lilifyatuliwa na nani.

Basi kanisa si lile jengo tunalogombania saa za kusali. Kanisa ni sisi tulivyoshikana. Hata Wakorintho waligawanyika, huyu wa Paulo, yule wa Apolo, na Paulo akawakumbusha mfano wa mwili. Mwiba ukichoma mguu, mwili mzima unakosa usingizi.

Tena nyumba haijengwi ili itazamwe. Inajengwa ili mtu apate pa kujisitiri. Petro anataka wasioamini waone matendo yetu mema hata wamtukuze Mungu (2:12). Yule mama aliona nini kwetu?

Jumamosi iliyofuata kwaya zote mbili tulikwenda kumfyatulia matofali. Tulichelewa, lakini tulikwenda.

Baba na mama, jioni hii ulizeni watoto: nani mtaani kwetu ameachwa nje ya ukuta? Mkimjua, kesho asubuhi nendeni kwake.