Tamko la wanachama wa kufa na kuzikana, Keza, kuhusu kuzamia kwenye mabaki ya MV Bukoba



Sisi ni watu wa kuzika. Kazi yetu hapa Keza, wilayani Ngara, na kwa wenzetu wa Biharamulo tunaochangiana nao, inajulikana: msiba ukitokea tunakusanya michango, tunapeleka turubai, sufuria na kuni, vijana wanachimba kaburi, kina mama wanakaa na wafiwa hadi matanga yaishe. Hatuna meli wala ufukwe, na wengi wetu hatujui kuogelea. Safari hii tunazungumzia mambo ya chini ya maji kwa sababu huko nako kuna watu wetu ambao hatukupata kuwazika.

Hoja ilianzia kikaoni. Kijana wetu mmoja aliyewahi kufanya kazi hotelini Zanzibar alisimulia namna wageni wanavyolipa fedha nzuri kushuka baharini na mitungi ya hewa mgongoni, wakatazame meli zilizozama. Akauliza kwa nini Kagera na Mwanza zisifaidike hivyo hivyo na MV Bukoba. Hakuwa na nia mbaya. Wazee walikasirika, wengine wakasema ana hoja, na kikao kikafungwa jioni bila muafaka, kamati ikiachiwa kazi ya kuandika msimamo wa chama. Hatumjibu mtu wala kampuni yoyote. Tunasema mapema, kabla kibali cha kwanza hakijagongwa muhuri.

Msimamo wetu ni kwamba mabaki ya MV Bukoba ni kaburi, na mwenye haki ya kuyafikia ni anayekwenda kuzika, kuchunguza au kujifunza kuokoa. Anayekwenda kutazama tu na abaki juu.

Kwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa: MV Bukoba ilikuwa meli ya Ziwa Victoria, ya mwaka 1979, yenye uwezo wa abiria 430. Iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikapinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443, yaani madaraja hayo mawili peke yake yalikuwa yameshapita uwezo wa meli nzima. Daraja la tatu, walikopanda wachuuzi, wanafunzi na kina mama wenye mikungu ya ndizi, halikuwa na orodha kabisa. Ndiyo sababu mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa kukisia, kuanzia 800 hadi 1,000. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wazamiaji waliletwa kutoka Afrika Kusini kutoa maiti. Waliopatikana bila kutambuliwa na ndugu walizikwa pamoja Igoma, Mwanza. Waliobaki ndani, walibaki.

Huku kwetu mtu huzikwa nyumbani, migombani, mahali ambapo wajukuu wataonyeshwa. Asiyepatikana humwachia ukoo shida ambayo hakuna mchango unaoimaliza. Zipo nyumba ambazo baada ya kungoja sana zilizika mgomba badala ya mtu. Katika daftari letu la misiba kuna safu ya mahali pa kaburi; katibu huandika jina la kitongoji na jina la mwenye shamba. Kwa misiba ya namna hii safu hiyo ina neno moja tu: majini. Ukilijua daftari hilo huwezi kuliita eneo lile kivutio.

Hata hivyo, kuzamia kwenyewe hatukupingi, na hapa tunaomba wazee wetu watuvumilie. Pwani ni kazi halali, na imesaidia kulinda bahari. Kisiwa cha Mafia kina hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, na mgeni hulipa kiingilio ndipo aone matumbawe, chewa na kasa. Zanzibar wapo wanaoshuka kwenye Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya chini ya bahari, iliyopanda mwamba mwaka 1902. Leo imeota matumbawe na samaki wamejaa humo. Wapo pia wanaoifuata HMS Pegasus, manowari iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Mabaharia waliokufa siku ile wana makaburi yao kisiwani Chapwani, nchi kavu, na misalaba juu yake. Mzamiaji anayeigusa Pegasus anagusa chuma. Kwenye MV Bukoba hatuna uhakika huo.

Wenzetu wa Mombasa walifanya jambo la busara zaidi. Mwaka 2002 waliichukua meli kuukuu ya kubeba mifugo, MV Dania, wakaizamisha kwa makusudi nje ya pwani ya Bamburi ili samaki wapate nyumba na wazamiaji wapate pa kwenda. Hakuna aliyefia humo. Kama Mwanza au Bukoba wanataka utalii wa kuzamia, vyuma chakavu vya meli na vivuko vilivyostaafu havikosekani ziwani. Meli moja ichaguliwe, isafishwe mafuta na rangi zenye sumu, itafutiwe mahali pasipoharibu mazalia ya sato, izamishwe. Tutakuja kuwapongeza.

Sheria zilizopo hazitusaidii sana, na hili wabunge wetu walisikie. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imejikita kwenye vitu vya kabla ya mwaka 1863. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 wa kulinda urithi ulio chini ya maji unahesabu kilichokaa majini angalau miaka 100. Kwa hesabu hiyo MV Bukoba itafikisha umri huo mwaka 2096, wakati watoto wa waliokufa nao watakuwa wamezikwa siku nyingi. Meli iliyozama juzi, yenye wafiwa walio hai, inalindwa kidogo kuliko jahazi ambalo hakuna anayemkumbuka nahodha wake.

Lakini njia ipo, na imeshapitiwa na wengine. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1994 meli ya abiria Estonia ilizama katika Bahari ya Baltiki, wakafa watu 852, wengi wao wakibaki ndani. Mwaka uliofuata nchi za Estonia, Finland na Sweden zilisaini mkataba unaopaita pale mahali pa pumziko la mwisho na kukataza raia wao kuzamia. Baadaye wafiwa walipodai majibu zaidi juu ya chanzo cha ajali, nchi hizo zililegeza mkataba ili wachunguzi wa serikali washuke. Kaburi limebaki kaburi na ukweli haukufungiwa humo. Hivyo ndivyo tunavyotaka. Ziwa Victoria ni la nchi tatu, ila meli hii imelala upande wa Tanzania, kwa hiyo hatuna wa kumsubiri.

Kuna pia jambo la kitaalamu ambalo vijana wenye shauku ya kushuka wenyewe walijue. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kuzamia yaliyotengenezwa kwa ajili ya baharini hayafai kutumika hapa bila kurekebishwa, kwa sababu hewa ya juu ya ziwa ni nyepesi kuliko ya baharini. Mzamiaji akikaa chini, naitrojeni huingia mwilini. Akipanda haraka hutoka kwa mapovu kwenye damu na maungo, naye hupata maumivu makali, kupooza, hata kifo. Tiba ni chemba ya mgandamizo, ambayo huipati zahanati. Tena mtu aliyezamia asubuhi akapanda gari alasiri kuja milima ya Ngara anazidi kupanda hewani, na yale mapovu yanazidi kukua. Maji ya ziwa nayo ni ya kijani, mara nyingi mkono ulionyooshwa huuoni, na ndani ya meli iliyolala kuna milango, kamba na nyavu. Hata wageni wenye vyeti vya baharini hawajajiandaa kwa hayo.

Sasa kwa serikali. Wazamiaji tunawahitaji kuliko watalii wanavyowahitaji. MV Bukoba ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilielea tumbo juu, na waliokuwa nje walisikia watu wakigonga ndani. Tundu likakatwa kwenye bati ili watolewe. Hewa iliyowapa pumzi ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikiifanya meli ielee, kama kikombe kilichofudikizwa kwenye beseni, na ilipotoka meli ikashuka na waliokuwamo. Hatuwalaumu waliokata, walikuwa wanajaribu. Tunasema kwamba mlango wa meli iliyofudikizwa uko chini, na wa kuuingia ni mzamiaji.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Siku mbili baadaye wazamiaji waliingia wakamtoa fundi wa mitambo akiwa hai, amejihifadhi kwenye chumba chenye hewa. Huo ndio ushahidi wetu. Kisha tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia ziwani ilipokuwa inakaribia uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Wakapona 24, wakafa 19. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, na ndege ilivutwa ufukweni kwa kamba na mikono ya wananchi. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, akachukuliwa kuingia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tulifurahi kwa ajili yake. Ila mkoa wenye ziwa, mito na bandari hauwezi kutegemea kwamba siku ya ajali atakuwepo mvuvi jasiri karibu.

Kwa hiyo tunaiomba Serikali, kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, ilitamke eneo la mabaki ya MV Bukoba kuwa mahali pa maziko, liwekewe alama kwenye ramani za mabaharia, na kuzamia hapo bila kibali kuwe kosa. Kitu chochote kisitolewe humo, hata kijiko. Kibali kitolewe kwa wachunguzi, kwa mafunzo ya uokoaji chini ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au wanamaji wa JWTZ, na kwa ibada za wafiwa zinazofanyika juu ya maji. Picha za ndani ya meli zisiuzwe wala kusambazwa mtandaoni.

Tunaomba wazamiaji wa kudumu Bukoba na Kemondo, wenye mitungi iliyojazwa, kompresa yao wenyewe, boti yenye mafuta na oksijeni, wasiolazimika kusubiri wenzao wa Mwanza au Dar es Salaam. Meli mpya ya MV Mwanza, ya abiria 1,200, iliyoshushwa majini Februari 2023, inaongeza uzito wa ombi hili. Na Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, lihakikishe jina la kila abiria linaandikwa, wa daraja la chini kama wa juu, nakala ibaki bandarini kabla kamba haijafunguliwa.

Ombi la mwisho ni la hapa nyumbani. Mto Ruvubu unapita wilayani kwetu, unakutana na Kagera pale Rusumo, na maji hayo yote yanaishia ziwani. Watu wanavushwa kwa mitumbwi isiyo na jaketi okozi hata moja. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zipeleke jaketi kwenye kila kivuko cha mitumbwi kabla ya masika, na chama chetu kitachangia kutoka mfuko wa misiba. Wanachama wameshakubali.

Limetolewa na kamati, kwa niaba ya wanachama wa kufa na kuzikana,
Keza, Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera.

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Kagera, Wakuu wa Wilaya za Ngara na Biharamulo, wabunge wa majimbo husika, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, TASAC.